Akili mnemba kazini, katika taasisi na nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi hawakuchagua kutumia akili mnemba, imewafuata. Iko ndani ya simu, nyuma ya maombi ya mkopo, kwenye fomu ya kuomba kazi na katika vipimo vya hospitali. Majibu haya ni ya msomaji asiye mhandisi wa kompyuta, anayetaka kujua inafanyaje kazi, inagusa nini, na nani wa kuulizwa inapokosea. Hilo la mwisho litajirudia kuliko mengine, kwa sababu ndilo linalosahaulika wakati wa kununua mifumo.

Akili mnemba inatofautianaje na programu za kawaida?

Programu ya kawaida hufuata amri zilizoandikwa na mtu: hali ikiwa hivi, fanya vile. Anayetaka kujua kwa nini imetoa jibu fulani anaweza kuzisoma amri hizo mstari kwa mstari. Akili mnemba ya siku hizi hujengwa kwa njia nyingine. Kompyuta hupewa mifano mingi, tuseme mamilioni ya picha ambazo watu wamekwisha kuzitambua, kisha yenyewe inatafuta kinachotofautisha picha hii na ile. Kinachobaki baada ya mafunzo si orodha ya kanuni. Ni rundo la namba, wakati mwingine mabilioni, ambazo hakuna binadamu anayeweza kuzipitia na kusema, "Sababu ni hii hapa."

Majibu mengi yanayofuata yanaanzia kwenye tofauti hiyo.

Mbona imeibuka ghafla?

Haikuibuka ghafla. Mwaka 1950 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing aliuliza kama mashine zinaweza kufikiri, na fani yenyewe ilipewa jina kwa ajili ya warsha iliyofanyika chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1956. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alieleza programu yake iliyoitwa ELIZA, ambayo ilichukua maneno ya mtu na kumrudishia kwa namna ya swali. Alishtuka kuona watu wakiifungulia mioyo yao ilhali walijua kuwa ni kompyuta. Mwaka 1997 Deep Blue, kompyuta ya IBM, ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov katika sataranji. Katikati ya matukio hayo kulikuwa na miaka mirefu ya ukame, ahadi zikiwa kubwa, matokeo madogo, na wafadhili wakijiondoa.

Kilichobadilika ni kukutana kwa mambo matatu: maandishi na picha tele kwenye intaneti, chipu zenye nguvu ambazo mwanzoni zilitengenezwa kwa ajili ya michezo ya video, na mbinu bora za kufunza. Mwaka 2012 mfumo uliotumia chipu hizo uliwaacha mbali wenzake katika mashindano ya kutambua picha ya ImageNet. Mwaka 2017 watafiti wa Google walichapisha muundo uitwao transfoma, ambao ndio uti wa mgongo wa programu za lugha za leo. Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ikaifungulia dunia ChatGPT, programu ya lugha unayozungumza nayo kwa maandishi.

Ninaitumia wapi bila kujua?

Kwenye kichujio cha barua pepe taka, ramani inayokuambia njia ipi haina foleni, benki inayozuia kadi yako kwa kuhisi wizi, na mpangilio wa video unazooneshwa. Hata utabiri wa hali ya hewa: Februari 2025 kituo cha Ulaya cha utabiri, ECMWF, kilianza kutumia rasmi mfumo wa akili mnemba sambamba na ule wa zamani unaotegemea milinganyo ya fizikia. Hizi ni kazi za kimya kimya, na nyingi zimefanya vizuri kuliko zile zinazopigiwa debe.

Je, inaelewa inachosema?

Wanafalsafa na wahandisi wanabishana, na ubishi huo hautaisha leo. Kwa matumizi ya kila siku inatosha kujua kwamba programu ya lugha imefunzwa kwanza kubashiri kipande cha neno kinachofuata, kisha ikanolewa na watu waliokuwa wakichagua jibu lipi linapendeza zaidi. Ukweli si kitu kilichohifadhiwa mahali fulani ndani yake ili iende kuuchukua.

Kwa nini basi hutunga uongo na kuusema kwa kujiamini?

Kwa sababu jibu la kweli na jibu linalofanana na la kweli hutoka katika mtambo uleule. Ukiiomba kesi ya mahakama, inajua kesi huandikwaje: majina mawili, mwaka, ukurasa, jaji. Itakupa hayo yote, yawepo au yasiwepo.

Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York waliwasilisha mahakamani hoja zilizonukuu hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote. Zilitoka ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza programu hiyohiyo kama kesi zile ni za kweli, nayo ikamthibitishia kuwa ndiyo. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000. Wengi walicheka, lakini tazama kosa lilipokuwa: wakili alimhoji shahidi yuleyule kuhusu ukweli wa ushahidi wake.

Programu mpya zinazopekua intaneti kabla ya kujibu zimepunguza tatizo, hazijaliondoa. Chochote chenye jina, namba, tarehe au nukuu kihakikishwe nje ya programu iliyokitoa.

Itachukua kazi yangu?

Mara nyingi kinachochukuliwa si kazi nzima bali vipande vyake, na kinachotokea baada ya hapo hakitabiriki kirahisi kama wanavyodhani wanaoahidi neema wala wanaotangaza maafa.

Chukua ATM. Mashine ya kwanza iliwekwa na benki ya Barclays huko Enfield, London, mwaka 1967, na kwa mantiki ya kawaida makarani wa dirishani walikuwa wamekwisha. Nchini Marekani mashine hizo zilipozagaa miaka ya 1990, idadi ya makarani haikuanguka, iliongezeka kidogo. Kila tawi lilihitaji makarani wachache, gharama za kufungua tawi zikashuka, na benki zikafungua matawi mengi zaidi. Karani aliyekuwa akihesabu noti akawa anauza mikopo na kuwashauri wateja. Wanaopenda kutuliza watu huishia hapo. Hadithi haikuishia hapo. Simu janja zilipoleta huduma za benki mkononi, mteja hakuhitaji tena kwenda kwenye tawi, na makarani wakaanza kupungua. Mashine iliyochukua kipande cha kazi yao iliwaacha salama. Teknolojia iliyofanya mahali pao pa kazi pasihitajike ndiyo iliyowaondoa. Kwa hiyo ukiulizia kazi yako, usitazame tu kama kompyuta inaweza kufanya unachofanya asubuhi. Tazama kama mteja bado atakuwa na sababu ya kufika ulipo.

Programu ya kwanza maarufu ya lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta linalojikokotolea hesabu, VisiCalc, ilitoka mwaka 1979. Miongo iliyofuata makarani wa vitabu vya hesabu walipungua, wahasibu na wachambuzi wa fedha wakaongezeka. Swali la "itakuwaje bei ikipanda" lililokuwa likichukua siku nzima sasa lilijibiwa kwa dakika chache, na wakubwa wakaanza kuliuliza kila wiki.

Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa baba wa fani hii na mshindi wa Nobel ya fizikia ya 2024, alisema tuache kufundisha madaktari wa radiolojia kwa kuwa ndani ya miaka mitano mashine itawapita. Miaka hiyo imepita, na hospitali nyingi bado zinalia upungufu wa madaktari hao. Kusoma picha ni sehemu tu ya kazi yao; wanazungumza na madaktari wenzao, wanaamua kipimo kipi kifanyike, na wanatia saini.

Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilikadiria Januari 2024 kuwa karibu asilimia 40 ya ajira duniani zinaguswa na akili mnemba: asilimia 60 katika nchi tajiri na 26 katika nchi za kipato cha chini. Magazeti mengi yaliandika "kuguswa" kana kwamba ni "kufutwa". Baadhi ya waguswa watafanya kazi haraka zaidi na kulipwa zaidi, na baadhi watapoteza ajira. Takwimu hiyo haisemi wewe uko kundi lipi.

Nani yuko hatarini zaidi safari hii?

Mawimbi ya zamani yaliwapiga zaidi watu wa viwandani. Hili linaanzia ofisini: watafsiri, waandishi wa matangazo, wahudumu wa simu kwa wateja, makarani, hata waandishi wa programu wenyewe. Fundi bomba na muuguzi wana nafuu, kwa sababu mikono inayofanya kazi kwenye nafasi finyu au juu ya mwili wa mgonjwa bado ni ghali kuigiza.

Kinachonitia wasiwasi kuliko roboti ni kazi ndogondogo za mwanzo. Wakili kijana hujifunza kwa kuandaa rasimu za kuchosha. Mwandishi wa programu hujifunza kwa kurekebisha hitilafu ambazo mkubwa wake hana muda nazo. Rasimu hizo ndizo programu inazozifanya vizuri. Ofisi inayoacha kuajiri wanaoanza kwa kuwa kompyuta inatosha inakula mbegu. Mwaka huu itaonekana imebana matumizi. Miaka kumi baadaye itatafuta watu wazoefu wa kuikagua kompyuta na haitawapata, maana hakuna aliyewalea.

Kuna kampuni zilizopunguza wafanyakazi kisha zikajuta?

Zipo. Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, ilitangaza mapema mwaka 2024 kuwa msaidizi wake wa akili mnemba anafanya kazi sawa na ya wahudumu 700. Mwaka uliofuata mkurugenzi wake alikiri kwamba kuweka gharama mbele kumeshusha ubora, na kampuni ikaanza tena kutafuta watu wa kuhudumia wateja. Hawakuitupa programu. Waligundua kuwa mteja mwenye tatizo gumu anataka mtu.

Wafanyakazi wana sauti gani katika hili?

Zaidi ya wanavyodhani, wakiwa na chama. Waandishi wa filamu na televisheni wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, na mkataba uliomaliza mgomo ulisema studio haiwezi kumlazimisha mwandishi kutumia akili mnemba, wala maandishi ya mashine hayahesabiwi kuwa kazi ya mwandishi. Hawakupiga marufuku teknolojia. Walipanga nani anaamua itumike lini. Asiye na chama wala mkataba hupokea tu taarifa.

Ofisi yetu imenunua akili mnemba na hakuna kilichobadilika. Tumekosea wapi?

Pengine mmefanya kile viwanda vilivyofanya umeme ulipofika. Kituo cha Thomas Edison cha Pearl Street, New York, kilianza kuuza umeme mwaka 1882. Viwanda vilivyokuwa vikiendeshwa kwa mvuke viliing'oa injini na kuweka mota moja kubwa mahali pake. Mhimili mrefu wa darini, uliokuwa ukizungusha mashine zote kwa mikanda, ukabaki uleule, na mashine zikabaki zimepangwa kuufuata mhimili. Gharama zilishuka kidogo tu. Ilibidi kifike kizazi cha mameneja waliothubutu kuweka mota ndogo kwenye kila mashine, kuondoa mhimili, kujenga kiwanda cha sakafu moja na kupanga mashine kwa kufuata safari ya bidhaa. Hiyo ilikuwa miaka ya 1920, na hapo ndipo uzalishaji uliporuka. Mwanauchumi Paul David aliisimulia historia hiyo mwaka 1990 kujibu kejeli ya mwanauchumi mwenzake, Robert Solow, ya mwaka 1987, kwamba zama za kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za uzalishaji.

Ofisi nyingi leo zimeweka mota mpya kwenye mhimili wa zamani. Mfanyakazi ana hoja mbili. Anaiomba programu izirefushe ziwe barua ya kurasa mbili. Mpokeaji anaiomba programu yake iifupishe, na anazipata hoja mbili. Umeme umetumika mara mbili na hakuna aliyeokoa chochote. Swali la kuuliza ni kwa nini barua ile ilihitajika, nani alikuwa akiisubiri, na sahihi ngapi zinaweza kuondolewa. Hilo ni gumu kuliko kununua leseni, kwa sababu linagusa vyeo.

Inasaidia kweli hospitalini?

Ndiyo, pale ilipopimwa kwa uangalifu. Sweden, jaribio la uchunguzi wa saratani ya matiti lililohusisha zaidi ya wanawake 80,000 lilichapisha matokeo yake ya kwanza mwaka 2023. Kwa kawaida kila picha husomwa na madaktari wawili. Katika jaribio hilo programu iliipa kila picha kiwango cha hatari: zenye hatari ndogo zikasomwa na daktari mmoja, zenye hatari kubwa na wawili. Mzigo wa kusoma ulipungua kwa asilimia 44 na saratani zilizogunduliwa hazikupungua. Uamuzi wa mwisho ulibaki kwa daktari.

Kwenye utafiti mafanikio ni makubwa zaidi. AlphaFold, programu ya Google DeepMind, imekisia maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, kazi ambayo awali ingeweza kummaliza mtafiti miaka kwa protini moja. Demis Hassabis na John Jumper walipata sehemu ya Nobel ya kemia ya 2024 kwa ajili hiyo, pamoja na David Baker aliyebuni protini mpya.

Tahadhari moja tu. Programu iliyofunzwa kwa picha za mashine moja na wagonjwa wa aina moja inaweza kuporomoka ikihamishiwa hospitali nyingine. Kabla ya kununua, hospitali iijaribu kwa picha zake yenyewe ambazo majibu yake yanajulikana.

Mwalimu anaweza kujua kama mwanafunzi ametumia akili mnemba?

Kwa programu za kubaini, hapana, si kwa uhakika wa kumwadhibu mtu. OpenAI yenyewe iliiondoa programu yake ya kubaini maandishi ya mashine Julai 2023 kwa kuwa haikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walijaribu programu saba za namna hiyo kwa insha za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilitajwa kimakosa kuwa za mashine. Sababu ni kwamba programu hizo hushuku lugha nyepesi yenye maneno ya kawaida, na hiyo ndiyo lugha ya anayejifunza.

Mwalimu amwite mwanafunzi aieleze insha yake kwa mdomo. Dakika tano zinatosha.

Kwa nini watu wanaogopa serikali zinazoamua kwa kompyuta? Si zitapunguza upendeleo?

Zinaweza. Lakini kuna mifano miwili ambayo kila afisa anayetia saini ununuzi wa mfumo angepaswa kuijua.

Uholanzi, mamlaka ya kodi ilitumia mfumo wa kupima hatari katika kuwasaka wadanganyifu wa ruzuku ya malezi ya watoto. Kutokuwa raia wa Uholanzi kulikuwa miongoni mwa vigezo vya kumwona mtu ni wa kutiliwa shaka. Maelfu kwa maelfu ya familia, zaidi ya 20,000, zilituhumiwa bila haki. Nyingi zilitakiwa kurudisha ruzuku yote, wengine makumi ya maelfu ya euro, kwa kosa dogo la fomu. Watu walipoteza nyumba na ndoa. Serikali ya waziri mkuu Mark Rutte ilijiuzulu Januari 2021.

Australia, mpango uliokuja kuitwa Robodebt ulilinganisha rekodi za kodi na za misaada ya ustawi. Ulichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima, ukayagawa sawasawa kwa kila wiki mbili, na kudai kuwa kama wastani huo haulingani na alichoripoti, basi anadaiwa. Aliyefanya kazi miezi minne na kukaa bila kazi minane akaonekana mwongo. Tume ya uchunguzi iliulaani vikali mwaka 2023.

Zingatia kwamba Robodebt haikuwa akili mnemba kabisa. Ilikuwa hesabu ya kugawanya ya shule ya msingi. Kilichowaumiza watu katika nchi zote mbili ni kile kilichofanyika kuzunguka kompyuta: mzigo wa ushahidi ulihamishiwa kwa mwananchi, na aliyepiga simu hakumpata ofisa mwenye mamlaka ya kusema, "Hili ni kosa, ninalifuta." Ukiwa na mfumo mwerevu mara kumi na ukaacha mambo hayo mawili jinsi yalivyo, utaumiza watu kwa kasi kubwa zaidi.

Lakini mashine haina chuki. Ubaguzi unatoka wapi?

Unatoka kwenye mifano iliyofunzwa nayo. Mwaka 2018 iliripotiwa kuwa Amazon iliachana na programu ya kuchuja waombaji kazi. Ilikuwa imefunzwa kwa wasifu wa waombaji wa miaka kumi iliyotangulia, wengi wao wanaume, ikajifunza kushusha alama za wasifu wenye kutaja shughuli za wanawake. Hakuna aliyeiagiza.

Mwaka huohuo watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni kubwa zinazotambua jinsia kwa sura. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika asilimia 1. Kwa wanawake weusi, mojawapo ilikosea kwa asilimia 34.7. Baada ya ripoti hiyo kampuni zilizotajwa zilirekebisha mifumo yao, jambo linaloonesha kuwa tatizo lilikuwa linatibika tangu mwanzo ila hakuna aliyekuwa amelipima.

Mfumo umenikatalia mkopo au kazi. Nifanye nini?

Andika barua, usiishie kwenye simu. Uliza mambo matatu: je, uamuzi umefanywa na kompyuta peke yake, ni taarifa zipi kunihusu zilizotumika, na ni nani anayeweza kuupitia upya. Katika Umoja wa Ulaya sheria ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotegemea kompyuta pekee, isipokuwa katika hali maalumu, na nchi nyingi za mabara mengine zimeweka vifungu vinavyofanana. Hata pasipo na sheria, swali la pili mara nyingi hufichua kosa la kawaida kabisa: jina lililochanganywa, deni lililokwisha kulipwa, tarehe ya kuzaliwa iliyogeuzwa.

Kampuni inaweza kusema, "Si sisi, ni programu"?

Air Canada, shirika la ndege la Kanada, ilijaribu. Programu ya mazungumzo kwenye tovuti yake ilimwambia abiria aliyefiwa kuwa anaweza kununua tiketi ya bei kamili kisha aombe punguzo la msiba baadaye. Alipoomba, shirika likakataa: kanuni zake hazikuruhusu. Mbele ya baraza la usuluhishi la British Columbia, jimbo la Kanada, shirika lilidai kwamba programu hiyo ni kama chombo kinachojitegemea kinachowajibika kwa matendo yake. Februari 2024 baraza lilikataa hoja hiyo na kuamuru abiria alipwe. Aliyeweka programu mlangoni kwake ndiye anayesema kupitia kinywa chake.

Nitajilindaje na sauti na video bandia?

Usitegemee macho. Zamani ilishauriwa kuhesabu vidole au kutazama kope; mifumo mipya imeshavuka hapo. Mapema mwaka 2024 mfanyakazi wa ofisi ya Hong Kong ya kampuni ya uhandisi Arup alihamisha takriban dola milioni 25 za Marekani baada ya mkutano wa video ambamo "wakubwa" wake wote walikuwa wa kubuni. Alikuwa na shaka kabla ya mkutano. Sura na sauti alizozifahamu zikamwondoa shaka.

Kinachofanya kazi ni utaratibu. Ombi lolote la fedha au nywila, hata likitoka kwa mtu unayemwona akiongea, lithibitishwe kwa kumpigia mwenyewe kupitia namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Nyumbani, kubalianeni neno la siri. Na ukiambiwa "fanya sasa hivi, usimwambie mtu," basi umeshajua.

Naweza kuiandikia mambo ya siri?

Chukulia kuwa unachoandika kinahifadhiwa mahali fulani na huenda kikatumika kufunza, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Samsung iliwazuia wafanyakazi wake kutumia programu hizo mwaka 2023 baada ya wahandisi kubandika humo msimbo wa ndani wa kampuni. Majibu ya vipimo vya mtu mwingine, mishahara na nyaraka za kesi viache nje.

Ni kweli inakula umeme mwingi?

Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lilikadiria kuwa vituo vya data vilitumia takriban asilimia 1.5 ya umeme wa dunia mwaka 2024, na kwamba matumizi hayo yanaweza kuongezeka zaidi ya maradufu kufikia 2030. Kidunia si nyingi mno. Tatizo liko kwenye eneo husika, kwani vituo hujengwa kwa makundi na gridi moja hulazimika kubeba mzigo wa mji mzima mpya. Swali moja kwa programu halitishi. Mabilioni ya maswali ambayo hakuna aliyeyahitaji ndiyo yanayojenga vituo.

Kwa nini hukosea zaidi katika Kiswahili?

Imesoma Kiingereza kingi na Kiswahili kidogo, na sehemu ya hicho kidogo ni tafsiri za mashine. Ndiyo maana sentensi nyingine huwa sahihi kisarufi lakini hakuna mtu anayeongea hivyo. Kuna na gharama iliyofichika: programu hukata maandishi vipande vipande na kutoza kwa kipande, na neno la Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko la Kiingereza, hivyo ujumbe uleule hulipiwa zaidi. Kazi za Masakhane, mtandao wa watafiti wa lugha za Kiafrika, na sauti zinazochangwa na watu wa kujitolea kwenye mradi wa Common Voice zimeanza kupunguza pengo. Kwa sasa, ukiuliza jambo zito, uliza kwa lugha mbili na ulinganishe majibu.

Kuna sheria yoyote?

Pana zaidi ni ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024 na kutekelezwa kwa hatua. Tangu Februari 2025 inapiga marufuku mambo machache, kama vile kuwapa raia alama kwa mwenendo wao wa kijamii na, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama, kusoma hisia za wafanyakazi au wanafunzi kwa kompyuta. Faini ya juu kabisa ni euro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo ya dunia ya kampuni, yoyote iliyo kubwa.

Sijawahi kuitumia. Nianzie wapi?

Anzia kwenye jambo unalolijua kuliko mtu mwingine yeyote. Chukua waraka ulioufanyia kazi mwenyewe, usio na siri ya mtu, uiombe programu iufupishe. Soma ufupisho huo ukiwa na kalamu: weka alama kwenye kilichoachwa na kwenye kilichoongezwa ambacho hukuandika. Kisha mwambie mwenzako asiyeujua waraka huo asome ufupisho uleule na akueleze kama ameona kasoro yoyote.

Na nikiwa ni mimi ninayenunua mfumo kwa ajili ya taasisi?

Kabla ya kutia saini, mwombe muuzaji akutajie cheo cha mtu ndani ya taasisi yako atakayekuwa na mamlaka ya kubatilisha uamuzi wa mfumo, na saa ngapi za kazi kwa wiki zimetengwa kwa ajili hiyo. Akikujibu kwamba hazitahitajika, omba maonesho kwa muuzaji mwingine.